Ushauri: Kugeuza simba wa nembo ya taifa kuwa fisi kwenye katuni, sheria ya Kenya inasemaje?

Kalamu_Kando:
Wadau, habari zenu. Naandaa katuni kuhusu wizi wa pesa za zabuni, itatoka kwenye tovuti ya habari hapa Kenya. Nimechukua nembo ya taifa, simba wawili nikawageuza fisi, na kwenye utepe badala ya "Harambee" nimeandika "Tugawane". Mhariri anaogopa sheria ya bendera na nembo. Hofu yake ina msingi? Kama inao, nibadili nini bila kuua wazo?

Wakili_wa_Mtaa:
Ina msingi, ila si mkubwa anavyodhani. Sheria hiyo ya bendera na nembo, yaani Sura ya 99 ya Sheria za Kenya, ina makosa mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni kudharau wimbo wa taifa au nembo, kwa maneno, vitendo au maandishi. La pili ni kutumia nembo kibiashara bila kibali cha maandishi. Wewe la kukusumbua ni lile la kwanza.

Hapo ndipo Katiba ya 2010 inaingia. Kifungu cha 33 kinataja wazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Visivyolindwa ni propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Dharau kwa nembo haimo. Anayetaka kukuzuia lazima apitie Kifungu cha 24, aonyeshe kwamba kizuizi chenyewe ni cha busara na kinakubalika katika jamii huru ya kidemokrasia. Kosa la uchochezi dhidi ya serikali lilifutwa 1997. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kashfa ya jinai, na cha 132 kuhusu kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma.

Lakini kushinda kesi ni jambo moja, kukamatwa ni jingine. Usichapishe Ijumaa jioni. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila saa hizo zikiisha siku ambayo korti imefungwa, unangoja siku ya kazi inayofuata. Chapisha Jumatatu au Jumanne asubuhi, na namba ya wakili awe nayo mhariri, isikae kwenye simu yako peke yake, kwa sababu simu ndiyo huchukuliwa kwanza.

Wino_Mzito:
Mambo ya sheria yamesemwa vizuri. Mimi nina neno na mchoro wenyewe. Ukiwageuza simba kuwa fisi, msomaji anaweza kuelewa kwamba taifa lenyewe ndilo fisi. Ni tatizo lilelile la Aseem Trivedi kule India: aliwachora simba wa nembo kama mbwamwitu wenye damu mdomoni, akakamatwa Mumbai Septemba 2012 kwa tuhuma za uchochezi. Shtaka hilo liliondolewa, na 2015 Mahakama Kuu ya Bombay ikasema kuikosoa serikali si uchochezi pasipo kuchochea ghasia. Uamuzi huo hauzifungi korti zetu, ila wakili anaweza kuutumia kushawishi.

Waache simba wabaki simba. Wachore wamekonda, mbavu zinahesabika, mikuki imeshaibwa, na fisi watatu waliovaa suti wako chini wanatafuna ngao. Nembo sasa ndiyo inayoibiwa, na ghadhabu yote inamwendea mwizi. Naona hiyo ni katuni kali kuliko ya kwanza, na mtu akidai umeidharau nembo atapata shida kueleza dharau iko wapi.

Angalia na jogoo aliye katikati ya ngao. Ni alama ya chama cha KANU pia. Ukimnenepesha au kumchekesha, wasomaji wengi watadhani unalenga chama, na mada ya zabuni itapotea. Mwache alivyo, ameshika shoka lake.

Kalamu_Kando:
Shukrani sana. Hao fisi nawapa sura za watu halisi wanaotajwa kwenye sakata. Na nina wazo la fulana baadaye.

Wakili_wa_Mtaa:
Kashfa ya madai, ile ya kudaiwa fidia, bado ipo hata kama ya jinai imekufa, na mlalamishi ana miezi 12 ya kukushtaki. Utetezi wako ni maoni ya haki, na huo husimama tu juu ya ukweli uliothibitika. Kwa kila sura, weka faili yenye ukurasa wa ripoti ya ukaguzi au hati ya mashtaka inayomtaja, pamoja na tarehe. Asiye na karatasi, mpe sura ya fisi wa kawaida. Fulana acha kabisa: ukiuza nembo umelifuata lile kosa la pili mwenyewe.

Wino_Mzito:
Chora nembo kwa mkono, mistari yako ionekane. Usibandike ile safi ya kupakua mtandaoni. Watu hukata kipande cha juu, kikasambaa WhatsApp kama tangazo rasmi la serikali. Kwa sababu hiyo pia, saini isikae pembeni inakokatika. Ipitishe kwenye ukingo wa ngao, na neno "katuni" liwe ndani ya mchoro wenyewe. Utepe urudishie "Harambee". "Tugawane" iweke kinywani mwa fisi mmoja, ijulikane ni nani anayesema.