Mrejesho: ile "for look" yangu kwenye barua ya kazi

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini barua yangu ya kuomba kazi kwenye ghala la korosho hapa Mtwara ilirudishwa na wino mwekundu kwenye "I came to Mtwara for look a job".

Mliosema "ku" ya "nimekuja kutafuta" ndiyo "to" ya Kiingereza, mmepatia: "I came to look for a job". "For" ningeiweka kama kinachofuata ni nomino, "I came for the interview". Hilo halikunichukua dakika tano.

Kilichonitesa ni kukanusha. Nikitaka kusema niliamka mapema ili nisikose kivuko cha Msangamkuu, niliandika "I woke up early not to miss the ferry". Kumbe "not to" peke yake hapo inapwaya. Wanasema "so as not to miss" au "in order not to miss". Na mtendaji akibadilika, "nilipika ili dada apumzike", "to" nayo inakaa pembeni: "I cooked so that my sister could rest". Ile "ili" yetu moja inabeba yote, bwana!

Barua nimeipeleka upya juzi. Sijaitwa bado.