Tupeane uzoefu: serikali, jeshi na mkulima, wewe ulikutana nao wapi shambani?

Wakuu, habari za leo. Naanza mimi.

Nilipomaliza kidato cha sita nilipangiwa Chita JKT, kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa huko Kilombero, Tanzania, miaka michache baada ya mujibu wa sheria (mafunzo ya lazima kwa wahitimu wa kidato cha sita) kurudishwa mwaka 2013. Kwata ilikuwepo, ila nilichotoka nacho ni mpunga: kung'oa miche kitaluni, kuvuta kamba, kupandikiza kwa mstari huku tope limefika magotini. Nyumbani tulikuwa tunamwaga mbegu tu. Nikamwomba mama jaruba moja, nikapanda mbegu ya mpunga ya Saro 5 kwa kamba. Mama alilalamika kwamba vibarua wa kupandikiza ni ghali, na alikuwa sahihi. Lakini palizi ilikuwa nyepesi mno, maana unaona magugu yako wapi.

Kwenu haya mafunzo yalivuka geti la kambi?

Jirani wa kikosi: Sisi tunalima pembeni ya kikosi cha jeshi, sitakitaja. Trekta walitukodisha, nashukuru, ila lilikuja wakishamaliza mashamba yao. Mvua haisubiri zamu. Msimu uliofuata afande wa kilimo na bwana shamba wa kata walikaa nasi Oktoba, tukaandika zamu kwenye daftari. Trekta lilelile, ila safari hii tulipanda kwa wakati.

Mahindi Namtumbo: Jeshi sijaliona, mimi nimekutana na serikali na kipima unyevu. Mahindi ya kuuza NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, unyevu usizidi asilimia 13.5. Mara ya kwanza niliwahi kupukuchua, nikaishia kuanika juu ya turubai palepale kituoni. Bwana shamba akanifundisha chumvi: weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi iking'ang'ania chupani, bado. Sisombi gunia bila hiyo chupa.

Mfugaji, Samburu: Huku kwetu ilikuwa nzige, 2020. Vijana wa NYS, huduma ya vijana kwa taifa hapa Kenya, walikuwa na dawa na pampu za mgongoni, lakini nzige wamelala wapi, hilo walilijua wachungaji. Jioni unawaona wakishuka kwenye migunga. Unampigia chifu, chifu anawapigia vijana, wanafika alfajiri nzige wakiwa bado na baridi, maana jua likiwapata wameruka. Siku moja mtandao ulikataa, simu haikutoka. Kulipokucha migunga ilikuwa vijiti vitupu.