Tupeane uzoefu: jiko la stima la pleti nne na oveni, kwa sisi wa Mombasa

Mwanzisha mada

Salaam aleikum jamaa. Haipiti wiki bila mtu kuulizia jiko la stima: laini (waya wa kulilisha jiko) ya ukubwa gani, mbona brekeri yaruka, mbona oveni haichomi juu. Tuyakusanye hapa pamoja. Sharti langu ni moja: njoo na kipimo. Habari za "fundi fulani alinifanyia hivi" zina mahali pake. Andika kitu ambacho mwenzio aweza kwenda kukitazama nyuma ya jiko lake leo.

Fundi wa Makadara

Naanza na laini. Soma kibao kilicho mgongoni mwa jiko au kwenye fremu ya droo ya chini. Jiko la kawaida lina pleti moja ya wati 2000 (ile yenye doa jekundu), mbili za 1500, moja ya 1000, na oveni ya kama 2000. Jumla ni 8000. Gawanya kwa volti 240, wapata ampea 33. Lakini vyote haviwaki kwa pamoja kutwa nzima, kwa hivyo hesabu ya mafundi huchukua ampea 10 za kwanza zote, kisha asilimia 30 ya zilizosalia. Hapo ni 10 na 7. Kama swichi ya jiko ina soketi ubavuni, ongeza 5. Brekeri ya ampea 32 na kebo ya milimita 6 za mraba (eneo la shaba ya kila waya) yenye waya wa ardhi zatosha na chenji yabaki. Milimita 2.5 ya soketi usiiguse kwa kazi hii, hata kama ndiyo iliyo karibu.

Swichi ya jiko iwe ya ampea 45 na ikate laivu (waya uletao stima) na nyutro (waya wa kuirudisha) kwa pamoja. Ifungwe ubavuni mwa jiko, isizidi mita 2. Usiiweke juu ya pleti. Siku mafuta ya viazi karai yakishika moto, mkono wako utalazimika kupita juu ya moto huo kwenda kuzima.

Nyuma ya jiko, kebo iachiwe kama mita moja na nusu ya ziada ili jiko livutike mbele kwa kusafishwa. Fungua kifuniko utakuta vifungio vya L1, L2, L3 (laivu), N (nyutro) na alama ya ardhi. Majiko mengi yametengenezwa yakubali fezi tatu, yaani stima ya laivu tatu. Nyumba zetu nyingi zina fezi moja, kwa hivyo L1, L2 na L3 huunganishwa kwa vile vipande vya shaba vinavyokuja ndani ya mfuko mdogo. Jiko jipya likiwasha pleti mbili, na mbili nyingine pamoja na oveni ziko baridi, tazama shaba hizo kabla hujalirudisha dukani.

Kisha skrubu. Kaza, vuta waya kwa mkono, kaza tena, na baada ya mwezi urudi ukaze mara ya tatu, kwa sababu shaba hupanuka na kunywea kila jiko linapopata joto na kupoa. Skrubu iliyolegea huchoma kifungio polepole, plastiki yageuka rangi ya kahawa na kutoa harufu kama ya samaki. Na hapa kwetu, nani atashtuka na harufu ya samaki jikoni?

Mpangaji wa Tudor

Fundi, shukran. Sisi tuliopanga tuna soketi za kawaida tu. Jiko la gesi tatu na pleti moja, oveni ya stima, laweza kutiwa plagi?

Fundi wa Makadara

Plagi ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13, yaani kama wati 3000. Pleti ya 1500 na oveni ya 2000 ni 3500, karibu ampea 15. Fyuzi haitakatika papo hapo, ila plagi itachemka saa nzima hadi shimo la soketi liwe jeusi. Tumia kimoja kwa wakati. Ukimpata mwenye nyumba muungwana, vuta laini yake pekee ya milimita 4, brekeri ya 20, na swichi isiyo na plagi. Waya wa upanuzi, ule wa matundu manne, usitumike hata siku moja.

Baharia Mstaafu

Niongeze kuhusu majiko ya Marekani yanayoteremshwa na mizigo ya wanaorudi nyumbani. Ni mazito, oveni yake yaingia mbuzi mzima, na watu huyaunguza siku ya kwanza.

Kule nyumba hupata laivu mbili. Baina yake ni volti 240, na kila moja hadi nyutro ni 120. Pleti na oveni zimefungwa kati ya laivu mbili, taa na saa ziko kati ya laivu moja na nyutro. Hapa fundi huunganisha laivu yetu kwenye vifungio vyote viwili vya laivu, na nyutro kwenye nyutro, kama alivyozoea. Matokeo: pleti hazipati kitu, maana kati ya L1 na L2 hakuna tofauti, na taa yapokea 240 badala ya 120, yapasuka pamoja na saa na saketi ya kielektroniki.

Inavyotakiwa: laivu yetu kwenye L1, nyutro yetu kwenye L2, ardhi kwenye bodi la jiko, yaani mwili wake wa bati. Kifungio cha N kibaki kitupu. Pleti na oveni zitafanya kazi sawasawa. Taa na saa zitafutiwe transfoma ndogo ya 240 kwenda 120, au ziachwe zimezimwa. Jiko lenye vitufe vya kielektroniki lahitaji transfoma hiyo, la sivyo halitawaka kabisa. Saa ya mota hata ukiipa 120 itachelewa dakika 10 kila saa, kwa sababu kule mkondo ni hezi 60 (mizunguko 60 kwa sekunde) na hapa ni 50.

La hatari zaidi: majiko mengi ya waya tatu yana kipande cha bati kinachounganisha kifungio cha N na bodi. Kiondoe. Kikibaki, na mtu akaja kuunganisha nyutro pale, siku waya huo ukikatika njiani bodi zima lageuka laivu.

Chumvi na Kutu

Wenzangu mmesahau bahari. Mombasa jiko haliuawi na mzigo wa stima, huuawa na unyevu.

Elementi ya oveni ni bomba la chuma lenye waya wa kupashia katikati, na baina yake kuna unga mweupe wa magnesia. Unga huo wapenda maji. Oveni ikikaa wiki tatu bila kuwashwa wakati wa masika, ncha za bomba zavuta unyevu, stima yavuja kwenda kwenye bodi, na kile kikata-umeme cha miliampea 30 charuka mara tu ukigeuza kitufe. Hesabu: volti 240 gawanya kwa ampea 0.03 ni omu 8000 (omu ni kipimo cha ukinzani wa stima). Kipimo cha kutoka elementi hadi bodi kikishuka hadi hapo, kikata kitaruka kila mara, na kuna vinavyoruka mapema zaidi.

Namna ya kujua: zima meni swichi, toa waya zote mbili za elementi, zifunge ncha kwa tepu, washa tena. Kikata kikitulia, mkosaji umempata. Fundi mwenye mega ya volti 500 (kifaa cha kupima uvujaji wa stima) apime ncha ya elementi hadi bodi. Ikisoma chini ya megaomu moja (omu milioni moja), ina unyevu au imepasuka.

Usikimbilie dukani. Itoe, ilaze juu ya jiko la makaa yaliyofifia, si ya kuwaka, kwa saa mbili, ipoe, pima tena. Ikipanda, irudishe, na tangu hapo uwashe oveni dakika 20 kila wiki hata kama huoki. Ikibaki chini, bomba lina ufa, nunua nyingine. Lakini mtu asije akakwambia "tutoe waya wa ardhi kwanza ijikaushe yenyewe." Mwambie aishike yeye bodi wakati huo.

Pleti za chuma nazo: futa zikiwa na uvuguvugu, ziwashe dakika 2 zikauke, pakaza mafuta ya kupikia kiasi cha kung'aa tu. Tui likimwagika juu ya pleti ya moto, usilimwagie maji baridi. Chuma hupasuka.

Fundi wa Makadara

Kweli tupu. Nyongeza kwa wenye mita ya kupimia omu: elementi nzima ya wati 1000 iliyoandikwa volti 230 husoma karibu omu 53, ya 1500 ni 35, ya 2000 ni 26. Isiposoma kitu imekatika. Pleti ya swichi ya hatua sita ina nyaya tatu ndani, haisomi namba moja. Hiyo dalili yake ni nyingine: namba 1 baridi, namba 6 yawaka ila kivivu. Namba 1 hupitisha stima kwenye nyaya zote kwa mfululizo, kwa hivyo mmoja ukikatika yote yazimika. Kabla ya kulaumu pleti, tazama nyuma ya swichi kama kuna waya uliobabuka.

Bi Mkate

Mimi upande wa mapishi. Sufuria za alumini zenye kitako cha mviringo zaigusa pleti kwa nukta moja, stima yaenda hewani. Kitako bapa, kisichopungua pleti kwa upana.

Mkate wa kumimina wataka moto wa juu, ule tuliokuwa tukiupata kwa makaa juu ya kifuniko. Washa elementi ya juu dakika 10 kabla. Mimina kwenye sufuria isiyo na mpini wa plastiki, pleti namba 3, dakika kama 8 hadi matundu yajitokeze na pembeni pashike. Kisha chini ya elementi ya juu, nafasi ya shubiri moja, dakika 5 hadi 7. Usiondoke, rangi huja ghafla.

Mpangaji wa Tudor

Bi Mkate, na keki inayoiva juu, ndani uji? Nimeweka 180 kama ilivyoandikwa.

Bi Mkate

Usiamini kitufe. Weka kijiko cha sukari kwenye karatasi ya foili, katikati ya oveni iliyokwisha kupata joto, kitufe kiwe 175, dakika 15. Sukari huyeyuka karibu 186. Ikiyeyuka hapo, oveni yako ni kali kuliko isemavyo. Isipoyeyuka, panda hadi 190 ujaribu tena; ikikataa hata hapo, oveni ni baridi kuliko isemavyo. Na kama ni jioni stima ikiwa hafifu, ujue volti zikishuka kutoka 240 hadi 200, nguvu ya kupasha joto yapungua kwa karibu theluthi.

Chumvi na Kutu

Tazama pia kile kijiti cha shaba cha thamostati (kidhibiti joto) ndani ya oveni. Kikitoka kwenye vishikio vyake kikaegemea elementi, hukata moto mapema. Kirudishe kwenye vibanio viwili, kisiguse ukuta. Lakini kama waya wake mwembamba umepinda hadi ukapasuka na mafuta yake yamevuja, hapo kitu kinageuka: oveni haikati kamwe, yapanda tu. Hiyo hairekebishiki, nunua thamostati yenye urefu uleule wa waya.