Mzee amepoteza maneno baada ya kiharusi, na kitabu cha picha kakitupa

Wakuu, habari zenu. Baba alipata kiharusi miezi mitano iliyopita. Mkono wa kulia umeanza kurudi, maneno bado. Akitaka kusema jambo linatoka "kile kile" basi. Nimemtengenezea kitabu cha picha: kikombe, choo, kitanda, dawa. Jana kakitupa chini. Nikimuuliza "unataka maji?" anasema ndiyo, nikileta anasukuma kikombe. Nikimpa kalamu anaandika herufi mbili, anaacha. Nifanyeje?

Mama Wawili: Pole sana. Hiyo ni afasia, yaani kupotewa na lugha kwa sababu ubongo umeumia. Kwa watu wengi lugha iko upande wa kushoto wa ubongo, ule ule unaoongoza mkono wa kulia, ndiyo maana vimeathirika pamoja. Akili yake ipo, na kuandika nako ni lugha, kwa hiyo usimlazimishe herufi. Hiyo "ndiyo" inamponyoka tu. Mama yangu tulimwandikia NDIYO na HAPANA kwa herufi kubwa kwenye karatasi moja, na alama ya vema na ya kosa, awe anaonyesha kwa kidole. Kisha hakikisha: "kwa hiyo hutaki maji?" Mtazame usoni.

Kobe Mzee: Hicho kitabu hata mimi ningekitupa. Choo, dawa, kitanda! Kabla hajaugua alikuwa anaongelea nini?

Mleta uzi: Seremala huyo. Ni mbao asubuhi hadi usiku.

Kobe Mzee: Basi weka picha za kazi zake, kalenda, ramani, karatasi tupu ya kuchorea. Na wewe ushike kalamu, usimwachie yeye peke yake mzigo. Andika machaguo: KAZI, FAMILIA, KITU KINGINE. Hilo la mwisho usilisahau, vinginevyo unamfungia kwenye mawazo yako.

Njiwa: Zima televisheni, uliza swali moja, halafu nyamaza. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo hadi kumi, na bado ulimi uliniwasha. Akikwama mwambie "najua unajua". Programu za simu zipo pia, ila mtaalamu wa tiba ya usemi ndiye aangalie ipi inamfaa.

Mleta uzi: Mrejesho. Leo kaonyesha KAZI, kisha kalenda, mwezi ule aliougua. Akachora miguu minne na ubao juu. Nusu saa nzima, wakuu! Kumbe ni meza ya mteja aliyekwishalipa. Nimempigia mteja, mzee kakaa pembeni anasikiliza.