Ni nani waliokuwa ndani ya ngalawa ya pili katika tamthilia ya Lost?

Mwanakisiwa ameuliza:

Ndugu zangu, amani iwe nanyi. Nimemaliza kuitazama upya tamthilia ya Lost, ile ya Marekani kuhusu watu walioanguka na ndege kwenye kisiwa cha ajabu, misimu yote sita na sehemu zake 121, na bado liko tukio moja linaloninyima usingizi, ingawa halimo katika yale makubwa ambayo watu huyabishania kila mara.

Tukio hilo limo katika sehemu ya nne ya msimu wa tano, iliyorushwa Februari 2009. Wakati huo kisiwa kinarukaruka kutoka zama moja hadi nyingine, na Sawyer, Juliet, Locke, Miles, Faraday na Charlotte wanafika kwenye kambi yao ya zamani ya ufukweni na kuikuta imehamwa, huku kamba ya mbwa Vincent ikiwa imelala pale bila mbwa mwenyewe. Ufukweni kuna ngalawa mbili, na katika mojawapo mna chupa ya maji yenye nembo ya Ajira, shirika la ndege ambalo hawakuwahi kulisikia likitajwa kisiwani. Wanaichukua ngalawa moja ili wazunguke kisiwa kwa njia ya bahari hadi kituo cha utafiti cha Orchid. Wakiwa majini, ngalawa nyingine inawafuata kwa nyuma na watu waliomo wanawapiga risasi. Juliet anajibu kwa bunduki, na inaonekana mmoja wa wanaowafukuza amepatwa. Kisha mwanga unamulika, zama zinabadilika, nao wanajikuta katikati ya dhoruba, usiku.

Nilisubiri hadi mwisho wa msimu wa sita nione tukio hilo kutoka upande wa pili, lakini halikuonyeshwa. Je, waliokuwa wakipiga risasi ni nani, na aliyepatwa ni nani? Kama kuna mwenye fununu kuhusu Walt pia, nitashukuru, maana yule mtoto alitekwa mwishoni mwa msimu wa kwanza kama kwamba kila kitu kinamtegemea yeye, kisha akafifia.

Binti Pwani amejibu:

Ndugu Mwanakisiwa, umeuliza swali ambalo nami nimelibeba kwa miaka mingi. Mimi nimekulia pwani, kwa hiyo jambo la kwanza nililolitazama ni vyombo vyenyewe. Vile vya kwenye tamthilia vina mbao za kuelea upande mmoja tu, kama ilivyo desturi ya Hawaii ambako ilirekodiwa, tofauti na ngalawa zetu zenye matengo pande zote mbili. Hata hivyo, ada za mwenye chombo ni zilezile popote. Mtu hakivuti chombo chake mchangani na kuacha makasia pamoja na maji ya kunywa ndani yake isipokuwa ana nia ya kurudi, tena upesi. Wenye zile ngalawa walikuwa karibu. Ngalawa zilikuwa mbili, wenzetu wakachukua moja, na muda mfupi baadaye wakafukuzwa na watu walio ndani ya ngalawa nyingine. Naona ni wazi kwamba waliofukuza ndio wenye mali, na walikuwa wakiwafukuza watu waliowaona kuwa wezi.

Sasa tutafute wenye mali. Ile chupa inatuambia kwamba ni mwaka 2007, baada ya ndege ya Ajira 316 kutua kwenye kisiwa kidogo cha Hydra, na kwamba waliozileta ngalawa wametokea upande wa ndege hiyo. Mwanzoni mwa msimu wa sita, abiria wa ndege hiyo Ilana, Ben na Sun, pamoja na rubani wake Lapidus, wanatoka kwenye lile sanamu kubwa la kisiwani na kwenda kumzika Locke, ambaye wakati huo alikwisha kufa na maiti yake ikaletwa na ndege hiyo, katika makaburi yaliyo karibu kabisa na kambi ya ufukweni. Kundi la Ilana lilivuka kutoka Hydra kwa chombo, tena likiwa na silaha. Kwa maoni yangu, hao ndio.

Msomaji wa Usiku amejibu:

Dada Binti Pwani, hoja yako ya makasia na maji imenifurahisha sana, wala sikuwahi kuifikiria. Nina vikwazo viwili, nami navileta kwa heshima.

Kwanza, tamthilia hii ilishikilia kanuni kwamba yaliyokwisha kutokea hayabadiliki, na mtu aliyeyapitia anayakumbuka. Miles alikuwa ndani ya ngalawa iliyofukuzwa. Baadaye, baada ya hekalu kushambuliwa, Miles huyohuyo anajiunga na Ilana na wenzake. Kama kufukuzana kungetokea akiwa nao, angelitambua tukio hilo papo hapo. Kwa hiyo hoja yako inasimama katika kipindi kifupi tu, yaani tangu mazishi ya Locke hadi pale walipokutana na Miles. Pili, katika kipindi hicho walikuwa wanne pekee, na hakuna hata mmoja wao tunayemwona baadaye akiwa na jeraha la risasi. Kama Juliet alimpata mtu, mtu huyo lazima awe wa tano, na wa tano hatumjui. Kwa sababu hiyo mimi naelekea kuamini kwamba tukio lilitokea baada ya hadithi tuliyoonyeshwa kwisha, katika siku ambazo Hurley, mmoja wa walioanguka na ndege, ndiye mlinzi wa kisiwa, na waliopiga risasi ni wageni tusiowajua.

Kuhusu Walt, sababu kubwa iko nje ya hadithi. Misimu minne ya mwanzo inasimulia takriban siku 100 tu tangu ndege ya Oceanic 815 ianguke, lakini ilichukua karibu miaka minne kurushwa hewani. Mwigizaji Malcolm David Kelley alianza akiwa na umri wa miaka 12 na akarefuka kama mhindi wakati wa masika, hivyo haikuwezekana kumrudisha kama mtoto aliyetekwa wiki chache zilizopita. Lakini hakuachwa kabisa. Kuna nyongeza ya dakika 12 iliyotolewa mwaka 2010 pamoja na DVD za tamthilia, ambayo haimo katika zile sehemu 121, na wengi waliofuatilia kwenye runinga peke yake hawajaiona. Humo Ben anafika kwenye ghala huko Guam na kuwakuta wafanyakazi wawili ambao bado wanafungasha vyakula vya kudondoshwa kisiwani, wasijue kwamba waliowaajiri walikwisha kufa zamani. Kisha yeye na Hurley wanamchukua Walt kutoka hospitali ya Santa Rosa ili arudi kisiwani. Itafute, ndugu yangu, kwani inajibu mengi kuliko urefu wake.

Mwanakisiwa ameandika:

Nawashukuru nyote wawili kwa dhati. Nimeitazama ile nyongeza jana usiku, na suala la Walt nimelifunga kwa amani. La ngalawa nimelirudia mara tatu nikiwa na maelezo yenu pembeni, na sasa naegemea upande wa dada Binti Pwani kwa sababu ambayo hamkuitaja.

Tujiulize ni nani alikuwa ameketi ndani ya ile ngalawa iliyochukuliwa. Alikuwamo Locke, akiwa hai. Ilana na wenzake, katika kile kipindi kifupi alichokitaja Msomaji wa Usiku, ama wanakwenda kumzika Locke ama wametoka kumzika, na wanajua kwamba anayetembea kisiwani kwa sura yake ni yule adui, kiumbe cha moshi kinachovaa sura za wafu, aliyewaua wenzao akina Bram ndani ya sanamu. Ilana ndiye anayewaeleza wenzake kwamba adui huyo hawezi tena kubadilisha sura. Tunajua pia kwamba hawezi kuvuka bahari akiwa moshi na kwamba shabaha yake yote ni kutoka kisiwani. Sasa watu hao wanatokeza ufukweni, wanaona chombo chao kimoja hakipo, na kule majini wanamwona mwenye kipara waliyemshusha kaburini akipiga kasia kuelekea baharini. Ilana, ambaye kazi yake yote ni kumzuia adui huyo, angefanya nini kama si kuingia katika ngalawa iliyobaki na kufyatua risasi?

Kuhusu jeraha, nimeitazama ile picha polepole. Tunaona mtu akiyumba, lakini hatuoni damu, wala hatumwoni akianguka majini. Huenda Juliet alipiga ubavu wa ngalawa. Ninalokwama nalo sasa ni Sun, ambaye aliishi kambi moja na Sawyer na Juliet kwa majuma mengi. Je, kwa umbali ule, na wakiwa wamempa mgongo, aliwatambua?