Naomba ushauri: picha za kunakili zinasifiwa, zinazotoka moyoni hazieleweki

DadaBrashi

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Mimi ni mchoraji niliyejifunza mwenyewe, bila chuo wala mwalimu, kwa kutazama kazi za watu, kusoma nilichokipata na kuharibu karatasi nyingi. Nilianza na penseli, nikaingia kwenye mkaa, na siku hizi karibu kazi zangu zote ni za rangi ya mafuta. Sikuanza kwa kutafuta fedha. Nilianza kwa sababu mimi ni mzito wa kusema yaliyo moyoni, na niligundua kwamba nikishika brashi, yale ambayo ulimi wangu huyakwepa hutoka bila kulazimishwa.

Shida yangu ni hii. Nikichora sura ya mtu kutoka kwenye fotografia na ikafanana naye, kila anayeiona husifu, na wengine huagiza za kwao. Ila picha nilizozitoa ndani yangu hupokewa kwa ukimya, au naulizwa tu zina maana gani. Baada ya kufiwa na baba nilichora kiti chake kikiwa kitupu karibu na dirisha. Niliichora picha hiyo nikilia, kwa rangi nzito za kijivu, zambarau na kahawia, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi kuliko nilivyokuwa tangu msiba. Ndugu yangu wa tumbo moja, aliyemuuguza baba hadi mwisho, aliitazama kwa muda kisha akasema ni kiti kizuri. Sikumkasirikia, lakini neno lile halijaniondoka.

Nimeiambatanisha hapa ili muione. Je, nitafute mafunzo rasmi, ingawa nahofia yataufuta mkono wangu nikawa mchoraji kama wengine wote? Au niendelee kuchora ya moyoni kwa ajili yangu peke yangu, na za fotografia ziwe za watu? Naomba sana maoni ya waliopita njia hii.

MkonoMmoja

Pole sana kwa kufiwa, dada. Kwa maoni yangu picha hiyo ilikwisha kufanya kazi yake pale ulipojisikia mwepesi, na hudaiwi maelezo na mtu yeyote. Ukianza kuchora huku ukiwaza nani ataelewa, utakuwa umerudi kwenye kazi za kuagizwa, tofauti ikiwa ni kwamba safari hii hulipwi. Itunze kama ilivyo na usiiguse.

MzeeWaMkaa

Namheshimu mchangiaji aliyetangulia, lakini sikubaliani naye, kwa sababu mleta mada hakuuliza kama ana haki ya kuchora kwa ajili yake mwenyewe. Anaumia kwa kuwa alitaka kusema jambo kwa ndugu yake, ambaye wamempoteza naye mzazi mmoja, na jambo lenyewe halikufika.

Dada, huzuni uliyokuwa nayo ulipokuwa unachora haihamii kwenye turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, kwa kuwa tu ilikuwa nyingi. Mtazamaji hayaoni machozi. Anaona mwanga, kivuli, kingo na nafasi. Nimeitazama picha yako kwa makini. Simama hatua kadhaa mbali nayo, ufumbe macho nusu, halafu ujiulize ni sehemu gani iliyo angavu kuliko zote na ni ipi iliyo na giza kuliko zote. Mimi sikuiona hata moja. Zambarau ya ukutani, kahawia ya kiti na kijivu cha dirishani ni rangi tatu tofauti, lakini zina uzito mmoja, yaani mwanga na giza lake ni lilelile, kwa hiyo macho yakifumbwa nusu zote zinaungana. Isitoshe, kila ukingo umeukata kwa ukali uleule, kuanzia mguu wa kiti hadi fremu ya dirisha, na hivyo jicho halijui likae wapi. Linatambua kiti, linaridhika, linaondoka. Ndugu yako alisema kweli kuhusu kile alichoonyeshwa.

Kiti kitupu si jambo dogo katika uchoraji. Mchoraji Mholanzi Vincent van Gogh, akiwa Arles, Ufaransa, mwishoni mwa mwaka 1888, alichora viti viwili vitupu, chake na cha rafiki yake mchoraji Paul Gauguin. Chake ni kiti cha kawaida cha mbao kilichosukwa kwa nyasi, kinachoonekana katika mwanga wa mchana, na juu yake kuna kiko na tumbaku. Cha Gauguin kina mikono, ni usiku, na juu yake kuna mshumaa unaowaka na vitabu viwili. Hakuna mtu katika picha yoyote kati ya hizo mbili, hata hivyo unajua kwamba hao ni watu wawili wasiofanana. Swali langu kwako ni hili: katika picha yako, ni kitu gani kinachoonyesha kwamba kiti hicho ni cha baba yako na si cha mtu mwingine yeyote?

Kuhusu hofu ya mafunzo, Van Gogh huyo huyo aliamua kuwa mchoraji mwaka 1880 akiwa na miaka 27, na kwa sehemu kubwa alijifunza mwenyewe, lakini kujifunza kwake kulikuwa na nidhamu kali. Alinakili mazoezi ya kuchora ya Mfaransa Charles Bargue karatasi kwa karatasi. Hata mwaka 1889, alipokuwa akiuguzwa huko Saint-Rémy, alichora upya kazi za mchoraji Mfaransa Jean-François Millet akitazama nakala zilizochapishwa bila rangi, huku rangi akizichagua yeye. Katika barua kwa mdogo wake alijilinganisha na mpiga muziki anayepiga utunzi wa mwingine kwa namna yake. Nani leo anaweza kudai kwamba mkono wake ulifutika?

Zoezi ninalokupa ni dogo. Chora kiti hicho kwa mkaa peke yake, kwenye vipande vidogo vya karatasi, kila kimoja kikibadilisha jambo moja tu: mahali unapotokea mwanga, ukaribu wa mtazamaji, au kiasi cha ukuta kinachoonekana. Usiguse rangi mpaka upate kimoja kinachokufanya unyamaze. Ukirudi kwenye rangi, zipunguze. Msweden Anders Zorn alisifika kwa kuchora sura za watu kwa rangi nne hivi, yaani nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi, na ngozi alizozichora bado zinaonekana hai.

KivuliNaNuru

Naongeza kidogo kuhusu hofu ya kupoteza mkono. Henri Rousseau alikuwa mtumishi wa ushuru jijini Paris, akaacha kazi mwaka 1893 akiwa na miaka 49 ili achore. Aliwahusudu wachoraji wa chuo, lakini kazi zake hazikufanana na zao hata kidogo. Alichora misitu mikubwa ya nchi za joto bila kuwahi kutoka Ufaransa, akitegemea bustani ya mimea na vitabu vya picha. Wengi walimcheka, ila mchoraji mashuhuri Pablo Picasso alimwandalia karamu mwaka 1908. Mkono wa mtu haufi kirahisi hivyo.

Za fotografia nisingeziacha, kwa kuwa ni mazoezi unayolipwa. Ila pale inapowezekana mwombe mteja akae mbele yako japo kwa muda mfupi, kwa sababu kamera mara nyingi huvifanya vivuli kuwa vyeusi kupita kiasi, na anayejifunza kwa fotografia pekee huanza kuamini kwamba kivuli hakina rangi ndani yake.

DadaBrashi

Nawashukuru nyote. Mzee wangu, nimefumba macho nusu kama ulivyoelekeza, na ni kweli kiti na ukuta vimeshikana kabisa. Swali lako lilinikalisha chini. Baba alikuwa na kawaida ya kuacha miwani yake kwenye mkono wa kushoto wa kiti, ikiwa wazi, mkono mmoja wa miwani ukiwa umefungwa uzi. Niliiacha nje ya picha nikidhani ni jambo dogo mno kwa huzuni kubwa namna ile. Nimeanza michoro ya mkaa, na katika mmoja wapo kiti karibu chote kimezama gizani, mwanga umeangukia miwani tu. Sijamwonyesha ndugu yangu bado.

Nina akriliki nyingi ndani, yaani rangi inayochanganywa na maji, na inakauka haraka, hivyo nafikiria kuichora upya juu ya turubai lilelile.

MzeeWaMkaa

Hapana, usifanye hivyo. Akriliki haishiki vizuri juu ya rangi ya mafuta, itakuja kubanduka. Kinyume chake ndicho kinachowezekana, yaani akriliki chini na mafuta juu. Chukua turubai jipya, weka giza la msingi kwa akriliki tabaka jembamba, liache likauke, kisha endelea na mafuta, tabaka za mwanzo zikiwa na mafuta machache kuliko za juu ili zisipasuke. Zambarau nzito namna ile ya picha ya kwanza inaweza kuchukua miezi kabla haijakauka hadi ndani, kwa hiyo usiipake vanishi mapema. Na usiiguse tena; katika hilo namuunga mkono MkonoMmoja.