Nyumba ya kwanza: Usagara au Kisesa? Naomba ushauri kabla ya Jumamosi

Njiapanda (mwanzisha uzi)
Habari za jioni, wakuu. Mimi ni mwanaume wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na kwa miaka sita sasa nimepanga vyumba viwili Mabatini, ambako kodi inapanda kila Januari na choo tunachangia kaya nne. Nimepata mkopo wa mshahara ambao, nikiujumlisha na akiba, unanitosha kununua nyumba ya kawaida nje ya mji, iliyokwisha kujengwa. Nimeangalia pande mbili. Ya kwanza iko Usagara, vyumba vitatu, karibu na lami ya kwenda Shinyanga, na mwenyewe anataka milioni 38. Ya pili iko Kisesa, upande wa kuelekea Bujora, vyumba viwili na sebule, milioni 36, lakini choo cha ndani hakijakamilika. Kazini kwangu ni katikati ya jiji la Mwanza, na kila upande ni kama kilomita ishirini. Kwa mnaoishi huko, usafiri, maji na thamani ya baadaye vikoje? Ningeshukuru kupata majibu kabla ya Jumamosi, kwa kuwa kuna mtu ananisubiri.

Sangara Mbichi
Usagara, na usifikiri mara mbili. Pale ndipo barabara ya Sengerema na Geita inapoachana na ile ya Shinyanga, na tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, kilomita tatu juu ya maji kutoka Kigongo hadi Busisi, magari ya kanda nzima yanapita mlangoni pako. Ongeza reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inayojengwa kupitia Fela, jirani kabisa. Ukinunua leo kwa milioni 38, baada ya miaka michache utakuwa unakataa wateja.

Binti wa Igoma
Sangara, ndugu anatafuta mahali pa kulala, wewe unamtafutia mahali pa kufungua gesti. Daraja linampeleka mtu Geita, halimpeleki kazini mjini Makoroboi. Njiapanda, ukikaa Usagara utapata kiti asubuhi kwa kuwa gari linaanzia huko, lakini kiti hicho utakikalia sana, maana Buhongwa watu wanaingia kwa mlango na dirisha, na mkifika Mkuyuni mnasimama mpaka konda anaanza kuwasimulia habari za kwao. Upande wetu wa Igoma na Kisesa nao una foleni ya Buzuruga, sikatai. Jaribu jambo moja: panda daladala siku ya Jumatatu kutoka kila upande, saa kumi na mbili asubuhi, na urudi saa kumi na mbili jioni. Usiende kukagua nyumba Jumapili mchana kwa gari la dalali, kwa sababu Jumapili mchana kila mahali ni karibu.

Mzee wa Kivuko
Vijana, mmenikumbusha mbali. Mwaka 1988 nilitaka kuuziwa eneo Buhongwa kwa bei ya ng'ombe wawili, nikalikataa kwa kuwa usiku tulikuwa tunasikia fisi. Wakati ule nilikuwa nikienda Sengerema kwa mama mkwe, tunalala Kigongo tukisubiri kivuko, tunakula furu wa kukaanga pale kando ya maji mpaka alfajiri. Leo mjukuu wangu anapita juu ya daraja kwa dakika chache na analalamika kwamba simu imepoteza mtandao. Lile eneo la Buhongwa sasa lina ghorofa, na mwenye nalo ananiamkia kwa heshima zote, jambo ambalo linaniumiza zaidi.

Mwana wa Mtemi
Swali lenyewe limekosewa. Nyumba ya mtu hainunuliwi, inajengwa. Baba zetu walifyatua matofali msimu wa kiangazi, wakaezeka kidogo kidogo, na hawakuwa na deni la benki hata la shilingi moja. Milioni 38 ni kiwanja, msingi, kuta na bati, na chenji inabaki.

Fundi Msingi
Mtemi, nipe hiyo chenji nikaangalie bei ya nondo, kisha tuongee.

Ndugu Njiapanda, mimi ni fundi mwashi na nimefanya kazi pande zote mbili, kwa hiyo nitakujibu habari ya udongo, ambayo wanunuzi hawaiulizi mpaka wamehamia. Wasukuma walikwisha kuipa ardhi yao majina, na majina hayo yanafaa kuliko maneno ya dalali. Ukiwa juu, karibu na miamba, unakuta luseni, yaani udongo wa kichanga unaopitisha maji, na nyumba iliyojengwa juu yake kwa msingi wa mawe inatulia. Ukishuka bondeni unakuta mbuga, ule mweusi unaonata kwenye viatu hadi unatembea kama umevaa matofali. Mbuga hunywa maji wakati wa masika ikavimba, na kiangazi hupasuka mpaka unaingiza kiganja kizima. Nyumba iliyo juu yake hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka, na ufa huanzia kwenye kona ya dirisha ukapanda kwa mshazari. Rangi mpya haiuponyi. Usagara kuna luseni na kuna mbuga, na Kisesa hivyo hivyo, kwa hiyo jina la mji halikusaidii. Omba ruhusa, chimba shimo la kina cha goti kando ya msingi, chukua donge, lilowanishe na ulivingirishe mkononi. Likikubali kuwa kamba ndefu bila kukatika, kaa chini ufikiri. Je, uliona nyufa zozote?

Njiapanda
Asante sana, fundi. Ya Usagara haina nyufa, imepigwa rangi hivi karibuni na inapendeza. Ndiyo maana moyo wangu umeegemea huko. Vyumba ni vitatu, na watoto wangu ni wa kike na wa kiume.

Mama Kulwa
Mwanangu Njiapanda, shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Nina maswali mawili. Umetueleza unakofanya kazi wewe, hukutueleza mkeo anafanya kazi wapi. Tena umesema kuna mtu anakusubiri Jumamosi. Anakusubiri kwa lipi?

Njiapanda
Shikamoo mama, niwie radhi. Mke wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha huko huko Kisesa. Lakini si tatizo kubwa, kwa sababu kuna barabara ya lami inayotoka Usagara hadi Kisesa bila kupita mjini. Kuhusu Jumamosi, ni suala la kumalizia malipo.

Binti wa Igoma
Kumalizia? Mtu humalizia alichokianza. Umeshalipa kiasi gani, na upande gani?

Njiapanda
Nimetanguliza milioni 15 kwa nyumba ya Usagara, wiki mbili zilizopita. Naomba msinihukumu kabla ya kunisikiliza. Kulikuwa na mteja mwingine kutoka Geita aliyekuja na fedha taslimu, na dalali aliniambia nisipoweka kitu siku ile nitaikosa. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, akapiga muhuri, na mashahidi wawili walisaini. Mke wangu nilipanga kumweleza mambo yakishakamilika, iwe zawadi kwake.

Mama Kulwa
Zawadi ya kumwamsha saa kumi na moja alfajiri kila siku aende kazini.

Karani Mstaafu
Huyo mteja wa Geita mwenye fedha taslimu namfahamu. Katika miaka yangu yote ya kazi nimemsikia kwenye kila kiwanja kilichouzwa kwa haraka, na sijawahi kumwona.

Ndugu, acha habari ya madaraja. Nyaraka ya kiwanja ni ipi, na ina jina la nani?

Njiapanda
Kuna ofa, yaani barua ya kumilikishwa kiwanja. Jina ni la marehemu baba wa muuzaji. Lakini muuzaji ndiye mtoto mkubwa, na alinionyesha muhtasari wa kikao cha ukoo unaomruhusu kuuza, una saini za wajomba. Nilijiridhisha.

Karani Mstaafu
Ulijiridhisha kwa karatasi isiyoweza kuuza hata banda la kuku. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina tu. Anayemteua msimamizi wa mirathi ni mahakama, na kwa familia nyingi za huku hiyo ni Mahakama ya Mwanzo, ambayo humpa msimamizi fomu inayojulikana kama fomu namba nne. Mwenye fomu hiyo ndiye anayeweza kuuza mali ya marehemu, tena kwa manufaa ya warithi wote. Muhuri wa mwenyekiti unaonyesha kwamba mlikutana, hauhamishi umiliki wa mtu aliyekwisha kufariki. Jumamosi usipeleke hata shilingi. Mwambie muuzaji akafungue mirathi kwanza, na uulize ndugu zake wako wangapi, hasa dada zake, maana muhtasari wenye saini za wajomba peke yao huwa una dada mahali fulani ambaye hakuitwa.

Njiapanda
Ana dada mmoja, ameolewa Kahama. Aliniambia kwamba dada hana neno.

Mchunguzi wa Mwaloni
Samahani, wakuu, kabla hamjaendelea kumhurumia. Akaunti hii imefunguliwa siku tatu zilizopita. Mwezi uliopita kuna mtu alitangaza humu nyumba ya vyumba vitatu Usagara, karibu na lami, mwembe mbele, rangi mpya, kwa milioni 38 hizo hizo. Mimi nasema huyu ni dalali. Anaanza na kilio, sisi tunamsaidia kuitaja nyumba yake mara ishirini, kisha kesho anatokea mtu mwingine akisema yuko tayari kuinunua.

Sangara Mbichi
Ndiyo maana nilishangaa, mtu wa kodi ya Mabatini anatoa milioni 15 kama anayetoa nauli. Ng'wanawane, ungetuletea picha tu tukanunua.

Mwana wa Mtemi
Nilisema tangu mwanzo kwamba nyumba hainunuliwi.

Njiapanda
Mimi si dalali, na natamani ningekuwa dalali, kwa kuwa fedha zingekuwa kwangu. Nimefungua akaunti mpya kwa sababu ile ya zamani shemeji yangu anaifahamu, na yumo humu. Tangazo hilo ndilo nililoliona mimi pia.

Fundi, kuna jambo sikukujibu vizuri. Katika chumba cha nyuma kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi, imetundikwa chini kuliko kawaida, usawa wa kiuno, pembeni ya dirisha. Nilitaka kuifunua nione miezi, nikakuta imebandikwa kwa gundi pande zote nne. Dalali akacheka, akasema watoto wa mwenye nyumba ni watundu. Na kiatu changu siku ile, nilipofika Mabatini, mke wangu aliniuliza nilikuwa nalima wapi.

Fundi Msingi
Mchunguzi, huyu si dalali. Dalali angeitaja kalenda hiyo baada ya kufa. Udongo uliobaki kwenye kiatu ulikuwa na rangi gani?

Njiapanda
Mweusi. Niliukwangua kwa kisu.

Mchunguzi wa Mwaloni
Naondoa maneno yangu, na pole sana, ndugu.

Karani Mstaafu
Mpigie yule dada wa Kahama leo, si kesho. Kama kweli hana neno, atakwenda na kaka yake mahakamani. Kama analo, utakuwa na shahidi unapodai milioni 15 zako. Nyumba ya Kisesa, nyaraka zake zikoje?

Njiapanda
Ile haina shida, ni ya mwalimu mstaafu, hati ina jina lake mwenyewe, na alinishauri nikafanye upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kumpa hata senti. Nilimwona kama mtu asiye na haraka ya kuuza.

Mama Kulwa
Na mkeo?

Njiapanda
Yuko mezani anasahihisha madaftari. Nimemwomba akimaliza tuongee.

Binti wa Igoma
Basi, kwa kuwa ndugu yetu moyo wake uko Usagara, mimi naomba namba ya mwalimu wa Kisesa. Choo nitamalizia mwenyewe.

Njiapanda
Dada yangu, ya Kisesa tafadhali usiiguse.